Ijumaa Tano za Basi la Mzee Kibwana

Siku mliyoniaga pale gereji mlinipa saa ya ukutani, kanzu, na keki yenye picha yangu. Nilikatiwa kipande chenye sikio langu mwenyewe, nikala, lilikuwa tamu. Kisha Rehema wetu wa cherehani akasimama mbele ya watu akasema, "Baba Pazi, tuandikie basi hata kurasa chache za mambo ya kazi, tusije tukabaki na hadithi za kusikia." Mie nimepiga nyundo miaka thelathini na nane, na kalamu niliyokuwa naishika ni ya kuandikia vipimo kwenye mbao tu. Lakini hapa nyumbani Kijichi mke wangu amechoka kuniona nikikagua bawaba za milango yake kila asubuhi, kwa hiyo amenunua daftari. Haya, naandika.

Habari za vyeo sitaziandika. Gereji yetu ilikuwa na vyeo viwili tu, fundi na tajiri, na tajiri tayari alikuwepo. Nitaandika nilivyoanza na nani alinifundisha, halafu nitawaeleza kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho wake, lile basi la Mzee Kibwana tulilolifanya nyumba. Wengi wenu mlikuwepo, mlishika spana. Naieleza kwa sababu kosa lake lilikuwa langu, na linaniuma mpaka leo.

Nilianza kazi nikiwa na suruali moja ya maana, na siku hiyo ndiyo niliyovaa. Fundi mkuu wa bodi za mabasi alikuwa Mzee Athumani, mtu mfupi mwenye barakashia iliyokuwa nyeupe kabla ya kuijua gereji. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika, "Marahaba. Lala chini." Nilidhani ni mila ya mahali. Kumbe alitaka niingie chini ya basi nimshikie chuma yeye akichomelea. Nilikaa huko chini mpaka adhana ya adhuhuri, oili ikinidondokea kifuani, na tangu siku hiyo suruali ile ikawa nguo ya kazi. Nguo ya maana sikuwa nayo tena mpaka nilipooa.

Mzee Athumani alinifundisha kusikiliza bati. Ukiligonga kwa kidole, bati zima linakujibu, na bati lenye kutu kwa ndani linanung'unika tu. Alinifundisha kuwa puti ya kusawazishia bati ni kama poda ya bibi harusi, ikizidi watu wanaanza kuuliza chini kuna nini. Alikuwa na nyundo ya mpingo aliyochongewa na jirani yake Mmakonde, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mie niliigusa mara moja. Akaniuliza, "Pazi, una mama?" Nikasema ninaye. Akasema, "Basi iweke chini, umrudie mzima."

Mengi aliyonifundisha nimewafundisha nyie, na mawili nataka niyataje. Moja ni zuri. Alisema safari ya kwanza ya bodi ni ya fundi. Basi likitoka gerejini, aliyelijenga anapanda, anakaa kiti cha nyuma kabisa, anasikiliza. Kila ribiti ya kushikia bati iliyofungwa kwa uvivu itasema barabarani, na ni adabu fundi awe wa kwanza kuisikia. Nimesafiri hivyo mpaka Tunduma na mpaka Bukoba, bila shughuli yoyote huko, nikashuka, nikanywa chai, nikarudi.

La pili ni baya, nalo ndilo nililolishika vizuri zaidi. Mteja akikuuliza kazi yake itakwisha lini, mwambie Ijumaa. Usimwambie Ijumaa gani. Ijumaa ni siku njema, mteja anaridhika, anakwenda zake. Ikifika, utakuwa na neno la kumwambia: umeme ulikatika, rangi haijashika, fundi kafiwa. Mie bibi yangu mzaa baba nimemzika mara nne kwa ajili ya wateja, na marehemu alifariki kabla sijazaliwa. Hatukuhesabu kuwa ni uongo. Tulihesabu kuwa ni sehemu ya kazi, kama msasa.

Miaka ikaenda hivyo, basi baada ya basi, Mzee Athumani akapumzika, Mungu amrehemu, nami nikawa ndiye ninayewaambia watu walale chini. Sasa nafika mwaka juzi.

Mzee Kibwana alikuja asubuhi, ameshika bega la mkewe, Bi Somoe. Sie tukadhani ni mapenzi ya uzeeni, Rehema akatabasamu kabisa. Mzee Kibwana nilimjua zamani. Alikuwa suka, dereva wa mabasi ya kusini, Dar mpaka Masasi, Dar mpaka Mtwara, miaka ishirini na saba bila kupindua basi hata moja.

"Fundi Pazi, unanikumbuka?" akasema.

"Nikusahau wewe? Kioo cha mbele umeniletea mara tatu."

"Mara mbili. Ya tatu ilikuwa ng'ombe."

Tukacheka, nikamvutia kiti. Akakipapasa kwanza ndipo akakaa, na hapo nikaanza kuelewa lile bega. Akanieleza bila kuzunguka. Alikuwa na presha ya macho. Pembeni kulishafunga, alikuwa anaona katikati tu, sawa na mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe lilikuwa linaziba. Dawa za matone zilikuwa zinachelewesha, haziponyi.

"Daktari hakututajia mwezi," akasema Bi Somoe. "Alisema tu, mzee, kama kuna kitu unataka kukiona, usingoje."

Na kitu kilikuwepo. Bi Somoe ni mtu wa Newala. Walioana hapahapa Temeke, na tangu mwezi wa harusi alikuwa anamsimulia mumewe juu ya mahali kwao panapoitwa Shimo la Mungu. Alisema nchi inatembea, inatembea, halafu inakatika ghafla, unasimama ukingoni unatazama chini, unauona mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto unaiona Msumbiji yote. Mzee Kibwana hakuamini hata kidogo. Kila wiki alifika Masasi, analala, asubuhi anageuza basi, na Newala hakuwahi kupanda.

"Watu kwao wanasifia samaki, wanasifia maembe," akaniambia. "Mke wangu anasifia shimo."

"Miaka thelathini na moja ananiita mwongo, fundi," akasema Bi Somoe. "Nataka nimpeleke akalione, anyamaze."

Nikawauliza kwa nini wasipande basi tu kama watu wengine. Mzee akasema mwili hauwezi tena kukaa kutwa nzima, lazima ajilaze. Dawa zinataka baridi. Halafu akasema, "Na nyumba za wageni siziwezi, Pazi. Kila siku chumba kipya, na kila chumba kipya kinaniumiza goti upya. Nataka nyumba moja niijue kwa mikono, halafu nyumba hiyo ndiyo iwe inatembea. Tena kule kote nilipita tu, Kilwa, Lindi, abiria wananifokea tunachelewa. Safari hii nataka kusimama."

Bi Somoe alikuwa na kiwanja Chamazi, akakiuza. Tukaenda kutafuta basi, sie watatu pamoja na mkwe wao Yusufu, dereva wa malori, ambaye ndiye angeendesha. Tulilipata kule Wazo, karibu na kiwanda cha saruji, kwenye uwanja wa mtu anayeuza magari yaliyochoka. Yalikuwepo mabasi mawili. Moja linang'aa, jingine lilikuwa limekaa nje muda mrefu, na vumbi la saruji lililoangukia paa lilikuwa limenyeshewa mvua likawa sakafu. Yusufu alilitaka linalong'aa. Mzee Kibwana akaomba yawashwe yote, akasimama kati yake, akafumba macho.

"Hili zuri mwenyewe alikuwa anakanyaga klachi kama anaua nge," akasema. "Chukueni jingine."

Mie nikaligonga ubavuni na kwenye matao ya matairi, likajibu vizuri. Tukalichukua, na paa lake Dulla mchomeleaji alilipasua kwa patasi siku mbili nzima. Dulla anakumbuka.

Tulipong'oa viti tukakwama. Mie nilikuwa sijawahi kuona basi ambalo kazi yake si kukalisha watu. Tulisimama ndani, watu sita, tunatazamana. Rehema akatoa simu akatuonyesha picha za magari ya Wazungu yenye vitanda na masofa, na tukajenga jiko kwa kuiga picha, meza ndefu ya kusimamia, makabati juu. Bi Somoe akaja kukagua. Akaitazama meza, akatazama chini, akauliza, "Sasa mbuzi yangu ya kukunia nazi nitaikalia wapi?" Kwenye picha hakukuwa na mtu anayekuna nazi. Tukabomoa nusu ya jiko, tukamwachia nafasi ya chini, na mbuzi tukaifungia kibao chake kisiteleze kwenye kona. Mpaka leo naamini hilo ndilo jiko bora tulilowahi kulitengeneza, ingawa lilikuwa la kwanza.

Tenki la maji, mitungi ya gesi na betri za sola tuliviweka upande mmoja, upande wa jiko, ili mabomba na nyaya ziwe fupi. Tulijisifu sana. Tulipojaza maji, basi likaegemea kama mtu anayesikiliza habari za jirani. Mie, fundi wa miaka yote hiyo, sikuliona kosa mpaka lilipoinama. Nimezoea mzigo wenye miguu. Basi likiegemea, kondakta anafoka, watu wanasogea. Tenki halimsikii kondakta. Tukahamisha, tukarefusha mabomba, ikatuchukua wiki nzima, na wiki hiyo ilikuwa ya halali, siihesabu kwenye kosa langu.

Jambo tulilolifanya vizuri tangu mwanzo ni bomba la kushikia. Mabomba tulikuwa nayo tele, yale ya abiria wanaosimama. Nikafunga moja kutoka kitandani mpaka chooni, kutoka chooni mpaka jikoni, kutoka jikoni mpaka mlangoni, bila kukatika. Mzee Kibwana alipoletwa kulijaribu akafumba macho, akashika, akatembea kimyakimya mpaka mwisho, akarudi. Akasema, "Beseni la kunawia lisogezeni vidole viwili." Tukalisogeza. Akatembea tena, macho yamefumbwa, mara tatu, nne. Alikuwa anajifunza kuwa kipofu humo ndani, sie tumesimama na misumari mdomoni, tunatazama. Dulla alitoka nje.

Mngedhani baada ya kuona hivyo ningekimbia na kazi usiku na mchana. Mie mwenyewe ningedhani hivyo. Siku hiyohiyo Bi Somoe aliniuliza, "Sasa fundi, lini?" Na mdomo wangu ukasema, "Ijumaa."

Ijumaa ile ilifika na mwenye shule. Mnamkumbuka, yule wa mabasi ya njano. Shule zilikuwa zinafunguliwa, mabasi yake mawili hayana milango, naye akasimama getini anapiga kelele mpaka muuza mihogo akahama. Gerejini anayepiga kelele ndiye anayetengenezewa. Nikalisogeza basi la Mzee Kibwana kando, nikaingiza la shule. Halafu likaja la msiba, halafu la mtu aliyegonga nguzo. Kila mmoja alikuwa na haraka, na wote walikuwa wanafoka.

Mzee Kibwana hakufoka. Alikuwa dereva, na dereva anajua ukimkera fundi utakereka barabarani. Alikuwa ananipigia Alhamisi jioni. "Fundi, kesho ni Ijumaa."

"Ijumaa kweli mzee, ila rangi haijashika."

"Sawa, fundi. Rangi usiiharakishe."

Wiki ya pili ilikuwa umeme. Wiki ya tatu nilimzika bibi. Wiki ya nne hakupiga yeye, alipiga Bi Somoe. Akaniambia, "Fundi Pazi, leo kamwaga chai. Wiki iliyopita kikombe alikuwa anakiona." Nikamwambia, "Pole sana mama. Ijumaa." Nilipokata simu nikaona aibu, wallahi, nikaenda kushika drili. Lakini aibu yangu ilikuja na akili mbaya. Nikasema kwa kuwa tumewachelewesha, tuwafute machozi kwa zawadi. Nikanunua tinti, ile karatasi nyeusi ya vioo vya mabasi ya kifahari, nikaibandika mwenyewe vioo vyote vya pembeni, bila kiputo hata kimoja. Rehema akashona mapazia ya rangi ya damu ya mzee yenye mashada ya dhahabu. Kwetu sie watu wa bodi, basi zuri ni basi ambalo aliye nje hakuoni.

Ijumaa ya tano, baada ya swala, wakaja. Nyie mlikuwa mmejipanga mnapiga makofi. Mzee Kibwana akapanda akishika bomba, hatua tatu, akasimama. Makofi yakaisha.

"Somoe," akaita.

"Abee."

"Jua limetua?"

Ilikuwa saa nane mchana. Bi Somoe akasema, "Bado." Mzee akalifuata bomba mpaka kitandani, akakaa polepole, akaweka mikono mapajani.

"Basi ndiyo leo," akasema.

Nilikuwa mlangoni, nikayasikia maneno yale. Nilielewa yeye ameelewa nini. Alidhani macho yamekwisha hapohapo kwenye ngazi ya basi, hajafika hata Mbagala. Bi Somoe akatazama vioo, akanitazama mie.

"Fundi, umeweka nini humu?"

"Tinti, mama. Ni zawadi."

"Mume wangu anaishiwa mwanga, wewe unamzimia na uliobaki?"

Sikuwa na bibi wa kumzika kwa ajili ya swali hilo. Lakini Mzee Kibwana alikuwa ameinua kichwa. "Tinti?" akasema. "Kumbe tinti? Pazi, ni tinti tu?" Akaanza kucheka, akacheka huku machozi yanamtoka, na Bi Somoe naye akaketi pembeni yake akalia, na mie nikasimama hapo na kofia mkononi kama mtu aliyeleta taarifa ya msiba akakosea nyumba.

Tuliibandua siku hiyohiyo, gereji nzima, kwa wembe na maji ya sabuni. Niliibandika kwa ustadi, kwa hiyo ilitutesa. Mwenye shule alipiga simu tukiwa katikati ya kazi, Dulla akamwambia fundi kafiwa. Magharibi ilipoingia vioo vilikuwa vyeupe na mapazia ya Rehema yalikuwa yamekunjwa ndani ya mfuko. Asubuhi yake waliondoka, nami nikapanda, kwa kuwa safari ya kwanza ni ya fundi.

Mbagala Rangi Tatu foleni ikatusimamisha, na kabla Yusufu hajafunga mlango akapanda mama mmoja na ndoo ya dagaa, akaketi kitandani. "Kongowe, konda," akaniambia.

"Mama, hii ni nyumba ya watu," nikasema.

"Sawa, ila nashukia Kongowe."

Bi Somoe akampa chai. Aliposhuka Kongowe alishukuru sana, akasema basi zuri, ila lina viti vichache.

Mzee Kibwana tulikuwa tumemwachia kiti kimoja cha basi, mbele kabisa kando ya dereva, kioo kikubwa mbele yake. Tangu Kongowe mpaka Kibiti hakunyamaza. "Duka la dawa, mlango wa kijani. Mtoto kavaa soksi moja. Mbuzi kapanda juu ya tairi. Yusufu, punguza mwendo, nimeona msikiti. Miaka ishirini na saba nimepita hapa sikujua pana msikiti." Mie nilikaa nyuma nasikiliza bodi, na bodi haikusema kitu ila kabati la vyombo, nikalitia kipande cha boksi, likatulia. Nilishukia Kibiti. Akaninyooshea mkono, ukaukosa wangu, akaupata mara ya pili. "Bodi imenyamaza, Pazi," akasema. Kwa fundi hakuna sifa zaidi ya hiyo, lakini sikuifurahia kama nilivyotakiwa.

Alinipigia kutoka Kilwa Masoko. Walikaa siku sita, akasema ameitazama bahari mpaka imemchosha, sasa anatazama watu. Akanipigia kutoka Lindi, akasema Bi Somoe kapika samaki wa nazi humo ndani ya basi na majirani wa kituo cha mafuta wamehamia. Baada ya hapo simu zikawa zinapigwa na Bi Somoe, fupifupi, tuko salama, basi halina tatizo. Sikuuliza kwa nini. Nilijua, ila nilikuwa sitaki kuambiwa.

Waliporudi mliwaona wenyewe. Basi liliingia gerejini lina vumbi jekundu mpaka kwenye taa, Mzee Kibwana amekaa kiti chake cha mbele, anapunga mkono kuelekea zilikotoka sauti zenu. Akasema kwa sauti kubwa, wote mkasikia, "Pazi, shimo lipo! Nimeliona kwa macho yangu! Mwanamke huyu kumbe mkweli!" Mkashangilia, Rehema akapiga vigelegele. Halafu mkarudi kazini, mie nikaenda na Bi Somoe nyuma ya basi kutazama koki ya tenki iliyokuwa inavuja. Alichoniambia huko nyuma sijamwambia mtu mpaka sasa. Mzee Kibwana amekwisha tangulia mbele ya haki, na Bi Somoe mwenyewe amenipa ruhusa niandike.

Alisema Lindi mumewe alikuwa bado anaona. Walipofika Masasi, asubuhi moja aliamka akauliza kama kumekucha, na kulikuwa kumekucha zamani. Akabaki na kujua tu huku kuna jua, huku hakuna. Walikuwa wamebakiza mwendo wa asubuhi moja wafike Newala. "Tulichelewa siku moja, fundi," akasema. "Siku moja tu." Hakusema kwa ukali, alikuwa anasema tu.

Nikaweka spana chini, nikamwambia kweli yote: mabasi ya shule, bibi yangu, na kwamba kazi yao ingetoka Ijumaa ya kwanza kama ningetaka. Akasema walijua. Alisema Mzee Kibwana alikuwa anamtuliza kila Alhamisi, anamwambia mwache fundi, fundi akisema siku ya kweli ataumwa. Hakusema amenisamehe, wala hakunilaumu. Ndiyo maana nawaambia nyie, acheni hii Ijumaa. Mteja akiuliza lini, mwambieni siku mnayoijua, na kama hamuijui semeni hamuijui, afoke, aondoke, atafute fundi mwingine. Hamjui mtu anakimbizana na nini.

Nilipomaliza kufunga koki nikamuuliza sasa pale Newala ilikuwaje, mbona mzee anasema ameliona.

Akasema mumewe hakukubali kurudia Masasi. Walipanda, wakafika, Bi Somoe akamshika mkono wakatembea mpaka karibu na ukingo, akamsimamisha hatua kumi nyuma. Upepo ulikuwa unapanda kutoka chini. Akamwachia mkono, akamuuliza, "Unaona?" Mzee Kibwana akasema, "Naona. Aisee, Somoe. Refu kweli. Na mto ule kule chini, umelala tu. Miaka yote hii nilikuwa nakuonea."

"Alikuwa amegeukia upande wa basi, fundi," akasema Bi Somoe. "Ananyoosha kidole kwenye tairi la nyuma."

"Nawe ukamwambiaje?"

"Ningemwambiaje? Nikamwambia, si nilikwambia."